Kabla hamjazungusha boksi la michango Tanga

Likizo ndefu ikianza, wanachuo wa Tanga wanarudi nyumbani kutoka Dar, Dodoma na Morogoro, na haipiti wiki meseji zinaanza kwenye magrupu: "Jamani, tufanye kitu kwa ajili ya watu wenye ulemavu." Nafurahi kila nikiiona meseji hiyo. Nilianza kujitolea kwenye kazi hii nikiwa chuo, nimeshamaliza, na bado wadogo zangu wananipigia kuuliza waanzie wapi.

Anzieni kwa wenyewe. Kabla ya fulana, kabla ya bango, kabla ya kubishana nani awe mgeni rasmi, nendeni mkakae na viongozi wa vyama vyao. Viziwi wana CHAVITA, wasioona wana chama chao, wenye ualbino wana chao, na juu yao lipo shirikisho, SHIVYAWATA. Afisa ustawi wa jamii atawaelekeza pa kuwapata hapa Tanga, na barua ya kuomba kuchangisha mtaipitishia huko huko na kwa mtendaji wa kata.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya viti mwendo. Kila kikundi kinataka kununua viti mwendo, maana vinapendeza kwenye picha. Mzee mmoja wa Makorora, fundi viatu, nilimwamkia nikamuuliza ana shida gani kubwa. Akanijibu, "Mwanangu, chombo ninacho. Kinachonishinda ni tairi." Chombo chenyewe ni ile baiskeli ya miguu mitatu inayozungushwa kwa mikono, mnyororo ukiwa mbele ya kifua. Tairi moja la nyuma lilikuwa limelika mpaka nyuzi zinaonekana, na mnyororo unaruka kila akikata kona. Tukaipeleka kwa fundi baiskeli Ngamiani. Mji wetu ni wa baiskeli tangu zamani, mafundi hawakosekani, na vipuri vingi vya chombo kama kile ni vya baiskeli ya kawaida: tairi, tyubu, spoku, gololi, mnyororo. Gharama haikufika hata robo ya bei ya chombo kipya, na mzee akarudi kibandani kwake siku ile ile.

Kiti cha kusukumwa, kile cha hospitali, kina magurudumu madogo mbele. Kwenye sakafu kinateleza vizuri. Kwenye mchanga wa vichochoro vyetu yale magurudumu yanazama, na mwenye kiti hatoki uani bila kusukumwa na mtu. Chumvi ya pwani nayo inakula vyuma. Halafu kuna jambo zito zaidi: mtu asiyehisi kuanzia kiunoni kwenda chini, akikalishwa kwenye kiti kisicho saizi yake na kisicho na mto wa kufaa, anapata vidonda vya mgandamizo, na vidonda hivyo huua. Kwa hiyo kama kweli mnanunua kiti, mpelekeni kwanza mhusika kwa mtaalamu wa fiziotherapia apimwe upana wa nyonga, urefu wa paja na wa mguu. Kiti kilichonunuliwa kwa kukisia naomba msikigawe.

Kwa wenye ualbino, ulizeni kuhusu losheni ya kuzuia jua kabla ya kununua miwani na kofia. Ipo inayotengenezwa hapa hapa nchini, Moshi, kwa ajili ya ngozi zao. Jua la Tanga halina likizo, na losheni inaisha. Mchango wa mara moja hauwafikishi mbali.

Pesa ndiyo inayovunja vikundi. Msichangishe kwa namba ya simu ya mtu mmoja, hata awe mwaminifu kiasi gani. Fungueni akaunti ya kikundi, na mmoja wa watia saini atoke kwenye chama cha wenye ulemavu, si mwanachuo. Risiti zipigwe picha na kutumwa kwenye grupu jioni ya siku ile ile. Wafanyabiashara wa soko la Mgandini wamechangishwa sana, wanauliza maswali, na wana haki ya kujibiwa.

Kuhusu uhamasishaji, nina ombi moja kubwa: msimpandishe mtoto jukwaani ili watu walie. Mpeni kipaza sauti mtu mzima mwenye ulemavu aseme anachotaka kusema, hata kama ni malalamiko. Kama kuna viziwi, mtafuteni mkalimani wa lugha ya alama na mumlipe, ni kazi. Asimame mahali penye mwanga usoni, jua lisiwe mgongoni kwake, na viziwi wakae mbele wamwone mikono. Mshereheshaji apunguze kasi. Nimehudhuria shughuli ambapo mkalimani alifichwa nyuma ya spika, na viziwi waliotoka mbali wakaishia kutazamana.

Na mseme nini? Semeni haki. Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ipo tangu 2010. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Wengi niliokutana nao mitaani hawakujua kama wanahusika. Wengine walijua, lakini fomu, katiba ya kikundi na andiko la biashara viliwashinda.

Hapo ndipo naona mwanachuo ana thamani kuliko boksi lake. Unajua kuandika andiko, unajua kutumia kompyuta, una muda mpaka Oktoba. Kaa na kikundi kimoja cha akina mama wenye ulemavu, waandikie katiba, wasomee kila kifungu kwa sauti wakubali au wakatae, wasindikize halmashauri. Ni kazi ya kusubiri kwenye mabenchi, haina picha nzuri, na ndiyo ningewaomba mchague kama mna nafasi ya kufanya jambo moja tu.

Mkirudi chuoni, salio libaki kwenye akaunti ya kikundi na yule mtia saini wa chama, pamoja na orodha ya mafundi baiskeli na bei walizokubali. Tairi litakalopasuka Januari lisisubiri likizo yenu.