Nyumba ya mawe Ugiriki: kusanya pesa kwanza, ndoto baadaye

Wiki hii msomaji mmoja kaniandikia baada ya kuona picha za nyumba tuliyopanga Mani, kusini mwa Ugiriki: "Dada, hayo mambo ya wenye nazo. Sisi wabeba maboksi tutaishia kutazama picha." Ujumbe huo umeniuma, nami namjibu hadharani kwa sababu najua wenye fikra hiyo ni wengi. Mimi nahudumia wazee Ujerumani. Zamu za usiku, mgongo hauniachi. Sina nazo. Nilikuwa na hamu na mpango, basi, na najua wewe unayesoma hapa hamu unayo pia.

Mani ni rasi ya katikati kati ya zile tatu za kusini mwa Peloponnese, ile rasi kubwa ya kusini mwa Ugiriki. Mlima Taygetos, wenye kilele cha mita 2,407, unateremka karibu moja kwa moja hadi baharini, kwa hiyo vijiji vimeshika ubavu wa mlima na fukwe ziko chini yake. Watu wengi hutafuta nyumba Kardamyli, pale chini kwenye maji. Sisi tulipanga juu mlimani, upande wa kijiji cha Exochori, na nawaambia ukweli, huko ndiko kwa kwenda. Chini unalipia ukaribu wa ufuo. Juu unaiona ghuba nzima ya Messinia kwa bei nafuu, jua linazama mbele yako unakula, na usiku unahitaji shuka nzito wakati walio chini wamewasha viyoyozi.

Mama yangu alikuwa nasi. Alikuja kutoka Unguja kwa viza ya Schengen tuliyoiombea Ujerumani, na viza hiyo hiyo ikamfikisha Ugiriki. Tulipofungua mlango hakutazama bahari. Alikwenda dirishani, akapima unene wa ukuta kwa mkono, kiwiko kikaishia ndani ya mawe. Akasema, "Mwanangu, hii nyumba ya Mji Mkongwe kabisa." Kisha akakaa kwenye kizingiti cha dirisha, akavua kandambili, akakataa kutoka mpaka Magharibi.

Mama hakukosea sana. Kuta nene zinazuia joto la mchana pale kama zinavyozuia kwetu, ila madirisha ya Mani yana sababu nyingine ya kuwa madogo. Koo za huko zilikuwa zikipigana visasi vya miaka na miaka, kila ukoo ukijenga mnara wake wa mawe wa kujihami. Ukishuka Kardamyli ya zamani utauona mnara wa akina Mourtzinos. Kwao ndiko alikokaribishwa Kolokotronis, kamanda maarufu wa Wagiriki, mapema mwaka 1821, kabla ya Wamani kuingia mji wa Kalamata mwezi Machi, vita vya uhuru dhidi ya Waturuki vilipoanza. Mama alipanda ngazi za pale polepole, akauliza maswali kuliko sisi sote.

Sasa niseme lililo moyoni. Safari ile ilikuwa ya watu wanane. Kikundi cha WhatsApp kilichangamka, kila mtu "niwekeeni chumba", mmoja hata alichagua kitanda kwenye picha. Nikalipa amana kwa kadi yangu kwa sababu nyumba nzuri haikusubiri. Miezi ikapita. "Dada, mwisho wa mwezi." "Dada, mshahara umechelewa." Ulipofika wakati wa kumalizia malipo, wanne wakajitoa, wengine bila hata neno, walitoka tu kwenye kikundi. Mmoja wao nilimpokea uwanja wa ndege alipofika Ulaya, akalala sebuleni kwangu mpaka akapata chumba. Huyo ndiye aliyeandika baadaye kwa watu kwamba najifanya tajiri. Sehemu yao tuliilipa sisi tuliobaki, na mimi nilichukua zamu za Jumapili hadi Krismasi kufidia.

Ndiyo maana nakwambia: kusanya pesa kwanza. Tafuta nyumba ukiwa na pesa za watu mkononi, siyo ahadi zao. Ahadi ni deni, lakini deni la mtu mwingine halikubaliwi na mwenye nyumba. Ndugu, rafiki, shemeji, jirani wa msikitini, wote watume kwanza. Anayekupenda atatuma. Vijana wetu wa ughaibuni tunaharibiana mambo kwa kuona haya kudaiana, na haya hiyo inavunja urafiki kuliko deni lenyewe.

Mengine ni mepesi. Kodi gari Kalamata. Ni kama kilomita 35 mpaka Kardamyli lakini kona ni nyingi, hesabu saa nzima. Mwenye leseni ya Tanzania au Kenya awe na kibali cha kimataifa cha udereva. Muulize mwenye nyumba kuhusu kipande cha mwisho cha barabara, akutumie na picha, maana njia za vijijini zilijengwa kwa ajili ya punda. Ufuo wa Kardamyli ni wa kokoto, nunua viatu vya maji. Wenye watoto washuke mpaka kijiji cha Stoupa kwenye mchanga. Saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja na nusu kiangazi ni muda wa utulivu kisheria, muziki uzimwe. Kwenye mikahawa, syglino ni nguruwe wa moshi, tuwe macho. Mama aliponea kwenye samaki na horta, mboga za majani za kuchemsha zenye ndimu na mafuta ya zeituni, na aliziomba kila siku.

Kuna na ada ya tabianchi ya serikali ambayo mara nyingi haimo kwenye bei ya tangazo. Tangu 2025, nyumba ya kujitegemea inayozidi mita za mraba 80 hutozwa euro 15 kwa usiku, Aprili hadi Oktoba. Iingize kwenye mchango tangu mwanzo, na ikusanywe kwanza, pamoja na nyingine.

Tarehe nazo: epuka katikati ya Agosti. Tarehe 15 ni sikukuu ya Bikira Maria, Wagiriki wenyewe wanarudi vijijini na nyumba hazishikiki. Septemba maji bado yana joto. Mimi narudi Septemba ijayo na mama, na vyumba viwili vina nafasi. Pesa zianze kuingia Januari. Asiyetuma kufikia mwisho wa Machi, chumba chake anapewa mwingine, na sitampigia simu kumkumbusha.