Ukitaka wimbo wa watoto ufiche siri ya hadithi yako

Wanaoandika hadithi za majini na falme za kubuni huniletea miswada yao niisome, na karibu kila mswada una ukurasa ule ule: watoto wanacheza nje ya ngome, wanaimba, na ndani ya wimbo mna utabiri. Taabu ni kwamba wimbo wenyewe hauimbiki. Umejaa warithi wa viti vya enzi na panga za mababu. Mtoto gani ataruka kamba kwa maneno hayo?

Anza na mchezo, siri itafuata. Nenda jioni pale Makadara, Mombasa, uwatazame watoto wakicheza Ukuti. Wameshikana mikono, duara linazunguka, na wakifika pale upepo unapolipiga kuti la mnazi wanatikisika mwili mzima, mdogo wao akianguka makusudi ili achekwe. Kinachoubeba wimbo ni kule kutikisika. Maana yake ni kuti na upepo, basi. Lakini mwandishi akijiuliza ni upepo gani, tayari ana mlango wa hadithi, maana kwetu pwani kaskazi na kusi hazileti mambo mamoja, na kusi likikaza wavuvi wa ngalawa hawatoki.

Mimi kwa mji wangu wa kubuni nililichukua hilo kusi. Nilianza kwa kuandika kisa, tena kikavu kama ripoti ya polisi: zamani, kila kusi likianza, mtoto mmoja alipewa ndoo akapelekwa kisimani ili jini wa maji asipande mjini. Hakurudi. Desturi ikafa, waliojua wakafa, pakabaki mchezo. Ndipo nikatunga:

Kisima cha Mwana Dada,
Usiteke, usiteke,
Kusi likivuma sana,
Mwenye ndoo asitoke.

Mizani nane, yaani silabi nane, kila mstari, hesabu kwa vidole. Mtoto mmoja anasimama katikati na ndoo, wenziwe wanamzunguka, na mstari wa mwisho ukiisha wote wanampa mgongo. Siri nimeiweka hapo, katika ule mgongo, zaidi ya maneno. Watu wazima wa mji ule hawakutaka kuona mtoto akienda, na vitukuu vyao wanageuka bila kujua wanageukia nini. Msomaji anaweza kusahau beti, lakini duara zima la watoto waliogeuka halimtoki haraka.

Wimbo ukishakamilika, wape watoto wa kweli kabla ya mhariri. Niliwafunza watoto wa dadangu barazani kwao Kibokoni, baada ya alasiri. Kufika magharibi walikuwa washaugeuza. "Mjomba, mwenye ndoo si atoke ampishe mwengine? Mbona wasema asitoke?" Wakawa wanaimba "Mwenye ndoo aondoke", na mchezo ukaenda vizuri zaidi. Sikuwasahihisha, nami nakushauri usiwasahihishe, kwa sababu hivyo ndivyo nyimbo zinavyopoteza kumbukumbu: hakuna anayekaa chini kuficha kitu, ni mchezo unaodai neno jepesi. Kitabuni nikawapa watoto wa mjini "aondoke", na "asitoke" nikaipeleka kijiji cha ng'ambo ya kivuko. Shujaa wangu anausikia wimbo wa utotoni mwake ukiimbwa na wageni, neno moja tofauti, na hapo ndipo anapoanza kuogopa.

Kuna mtego mwingine, nao ni kudhani kila wimbo wa watoto una maiti chini yake. Waingereza wana wimbo wa duara, "Ring a Ring o' Roses", ambao watu wengi hukuapia kuwa unahusu tauni ya London ya 1665. Lakini kuchapishwa kwake Uingereza kunajulikana tangu 1881 tu, na maelezo ya tauni yalienea katikati ya karne ya 20. Watafiti wa nyimbo za watoto, Iona na Peter Opie, hawakuyakubali. Kwa mwandishi hiyo ni neema: mweke mhusika mmoja mjuaji anayeufasiri wimbo kwa ujasiri mkubwa, na akosee. Msomaji aliyeshawishika naye atashikwa vizuri.

Fumbo halifumbuki bila jambo lake. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita, yaani Mombasa, aliyefariki 1840, alitunga mashairi ya mafumbo mengi enzi za Mazrui, watawala wa mji huo, wakivutana na Sayyid Said wa Oman. Watu wa Mvita waliyadaka papo hapo kwa sababu jambo walikuwa nalo mjini. Sisi leo tunayasoma na maelezo pembeni. Msomaji wako ni mgeni zaidi yetu, hajawahi kuishi kwenye mji uliouzua wewe, kwa hiyo mtupie jambo mapema, mahali asipoutarajia wimbo. Mimi niliweka ndoo kuukuu imetundikwa msikitini, hakuna anayeitumia wala anayethubutu kuitupa. Imepita katika sentensi moja, kurasa nyingi kabla ya mchezo.

Na tafadhali, mwondoe yule mzee mwenye ndevu nyeupe anayekuja sura ya mwisho kueleza mstari kwa mstari. Wasomaji huniuliza Mwana Dada alikuwa nani. Ninajua, nimemwandikia kisa kizima daftarini. Lakini katika mji ule hakuna mtu aliye hai anayemkumbuka, sasa nimtoe nani wa kuwaeleza?