Bosi mpya, futa "hakuna atakayepoteza kazi" kabla ya Jumatatu

Mkuu, futa mstari wa mwisho wa hiyo rasimu leo hii. Umeuliza, wewe mkurugenzi mpya, uzungumze vipi na wafanyakazi 180 wa kiwanda pale Barabara ya Nyerere ili uonekane mnyenyekevu, uvae nini, utumie Kiswahili au Kiingereza, na kama uwaandalie chakula. Ukabandika na hotuba: "Mimi ni mtumishi wenu. Sijui chochote, nimekuja kujifunza. Mlango wangu uko wazi. Hakuna atakayepoteza kazi." Mengine yanarekebishika. Hilo la mwisho litakumaliza.

Najua Jumatatu utalisema ukiamini. Lakini ajira za watu haziko mikononi mwako peke yako. Ipo bodi, ipo benki inayowadai, ipo malighafi inayolipiwa kwa dola. Mauzo yakishuka, bodi itakuagiza upunguze watu. Hapo kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 kinakutaka utoe taarifa mara tu wazo hilo linapoanza kufikiriwa, uweke wazi taarifa zote zinazohusika, kisha ukae na chama cha wafanyakazi kabla hujaamua. Mtajadili sababu, namna ya kuepusha, vigezo vya nani aondoke, lini, na malipo.

Sasa wewe unafika mezani na hesabu zako, mwenyekiti wa tawi la chama anawasha simu, sauti yako inasikika ikisema hakuna atakayepoteza kazi. Kuanzia hapo hata takwimu za kweli zinaonekana za kupikwa. Mkishindwana, mgogoro unakwenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wakati huo mafundi wako hodari, wale ambao jirani anaweza kuwachukua kesho, wameshaondoka. Wanaobaki wanapiga hesabu ya kiinua mgongo: kwa kima cha chini cha sheria ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Aliyekaa miaka 18 kwa kima hicho analipwa ya 10. Mtu huyo hesabu anaijua kwa kichwa, ndiyo maana neno lako la siku ya kwanza atalishika kama hati.

Wanaonikera ni wakufunzi wa uongozi wanaokodi kumbi za hoteli na kuwagawia wakurugenzi wapya hotuba za namna hii. Wanapenda kuonyesha barua ya Satya Nadella ya tarehe 4 Februari 2014, siku aliyokabidhiwa Microsoft, aliyoifungua kwa maneno ya unyenyekevu. Mbona hawafiki Julai? Tarehe 17 mwezi huo, mwaka huohuo, kampuni ilitangaza kupunguza hadi nafasi 18,000, takriban 12,500 kati yake zikitokana na biashara ya simu iliyonunuliwa Nokia. Isome ile barua ya Februari vizuri: hakuna ahadi ya ajira ndani yake. Tena Nadella alikuwa amefanya kazi pale tangu 1992. Wewe unatoka nje. Ukisema "sijui chochote", mameneja wako watasikia kiti kitupu, na kila mmoja ataanza kuendesha idara yake kivyake.

Kuhusu kazi za watu sema hivi, kisha uhamie jambo jingine: "Sijajua kama muundo utabadilika. Likiwapo wazo la kuubadilisha, tawi lenu litaambiwa kabla uamuzi haujafanyika. Zaidi ya hapo siwezi kuahidi leo." Ukumbi utanyamaza. Usiogope ule ukimya ukauziba kwa ahadi, maana hapo ndipo wengi wanapoponyokwa.

Mlango wazi nao hausaidii kama ulivyo. Mwendesha mashine hawezi kuacha laini apande ghorofani, na akipanda msimamizi wa zamu atamwona. Shuka wewe. Taja siku na saa, kwa mfano Jumanne na Alhamisi kantini, wakati zamu ya asubuhi inaipisha ya mchana, ili uwakute wote. Nenda bila meneja rasilimali watu. Andika kila hoja, na ndani ya siku 14 bandika majibu ubaoni: lililokubaliwa, lililokataliwa na sababu yake, na linalosubiri uamuzi wa nani. Jibu la "hapana" lenye sababu linawajengea imani kuliko "tutalifanyia kazi".

Zungumza Kiswahili, dakika 7 zinatosha, ukiwa umesimama sakafuni pamoja nao na si jukwaani. Kama umri wako ni mdogo, waamkie wazee shikamoo mmoja mmoja kabla ya mkutano. Usiitangaze kwenye kipaza sauti, itaonekana maonyesho.

Halafu Ijumaa, kabla ya hotuba, mtafute katibu wa tawi. Muulize ni hoja gani ya wanachama wake imekaa muda mrefu zaidi bila kujibiwa. Jumatatu itaje hoja hiyo kwa jina lake, useme nani anaishughulikia na tarehe ya kuleta jibu. Chagua tarehe ambayo wewe mwenyewe unaweza kuitimiza bila kuomba ruhusa ya bodi.