Shemeji amekataa kusaini fomu ya grini kadi, mdogo wangu afanyeje?

SWALI: Wakili, shikamoo. Mdogo wangu alifunga ndoa ya bomani hapa Mwanza na raia wa Marekani, akamfuata Texas. Grini kadi yake ni ya miaka miwili na imebakiza miezi minne. Mumewe anampiga, anamnyang'anya simu, na sasa anasema hasaini fomu yoyote, atamrudisha Mwanza na begi alilokwenda nalo. Wazee wanataka tumpigie shemeji tuwasuluhishe. Ana njia nyingine?
Msomaji, Igoma

JIBU: Marahaba, dada. Njia ipo. Ila kwanza, wazee wasipige simu. Najua neno hili halitawapendeza, lakini simu hiyo itamwambia shemeji kwamba mkewe amesema nyumbani, na atakayelipia ni yeye aliye naye chumba kimoja.

Mume hana uwezo wa kufuta grini kadi ya mkewe. Kadi ya miaka miwili hupewa mtu ambaye ndoa yake haijatimiza miaka miwili siku anapopokelewa kama mkazi. Kadi hiyo ina sharti, na ili kuliondoa wanandoa hupeleka pamoja idara ya uhamiaji Fomu I-751 ndani ya siku 90 za mwisho kabla kadi haijaisha. Hapo ndipo shemeji anapojiona ameshika mpini.

Fomu hiyohiyo ina kipengele cha mwenzi aliyepigwa au kufanyiwa ukatili uliokithiri. Akikichagua, anasaini peke yake. Hangoji zile siku 90 wala talaka, anaweza kuipeleka hata wiki hii. Ukatili si ngumi tu. Kutishwa na kufungiwa ndani navyo hupimwa. Mume kuhukumiwa mahakamani si sharti. Asichoweza kufanya ni kukaa kimya mpaka kadi iishe, maana hapo ukazi wenyewe unaondoka.

Atatakiwa kuonyesha mambo mawili: kwamba ndoa ilikuwa ya kweli, na kwamba ameteswa. La kwanza ushahidi wake mwingi mnao ninyi. Tafuteni nakala ya cheti cha ndoa, karatasi ya mahari yenye sahihi za wazee, na picha. Kama mnayo ya shemeji ameshika sato pale mwalo wa Kirumba, amezungukwa na wajomba, hiyo ina uzito kuliko kumi za studio. Andikeni nyuma yake ni nani na ilikuwa lini. Waliowaona wawili hao wakiwa pamoja waandike viapo, kila mtu kwa maneno yake. Viapo vitano vinavyofanana neno kwa neno vinanuka kishoka.

Kuhusu mateso, kama kuna sauti alizokutumia WhatsApp, usizifute. Kama analia kwa Kisukuma, ziandikwe zote, kisha zitafsiriwe kwa Kiingereza, na mtafsiri athibitishe kwa maandishi kuwa anaijua lugha na hakuacha kitu. Hifadhi kwako, si kwenye simu yake.

Wapo wasomaji ambao ndugu zao hawana kadi kabisa, mume aliahidi kuwaombea akakaa. Hao wana Fomu I-360, ya kujiombea wenyewe bila mume, chini ya sheria ya mwaka 1994 ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake, ambayo wanaume pia wanaitumia. Haina ada, na mume hajulishwi. Awe raia au mwenye grini kadi, sawa. Wakishaachana kwa sababu ya ukatili, muda ni miaka miwili tangu talaka. Viza ya U, ya waliotendewa uhalifu wakasaidia polisi, nayo ipo, lakini hutolewa 10,000 tu kwa mwaka na foleni yake ni ya miaka.

Tukirudi kwa mdogo wako, asipande ndege kuja "kupumzika nyumbani" kabla hajaongea na wakili wa uhamiaji wa hukohuko. Mimi leseni yangu inaishia Tanzania. Akipata simu salama apige 1-800-799-7233, namba ya Marekani ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili nyumbani, saa 24, na wakalimani wapo. Wewe kesho anza na cheti cha ndoa.