Maswali na Majibu: Ekseli ya Nyuma, Uzito Kwanza

Mvua zikikatika na magari yakirudi kutoka Kinango na Garsen yakigugumia kwa nyuma, barua zote huwa ni za ekseli. Nimechagua chache. Zilizobaki zimeuliza yale yale.

SWALI: Fundi, nina Hilux. Ekseli gani ya nyuma ndiyo ngumu kuliko zote? – Mtwapa

JIBU: Hilux ipi, ndugu yangu? Ya 1998 na ya 2018 ni magari mawili tofauti. Kila mara naomba mambo matano na kila mara naletewa moja: mwaka na modeli kama ilivyo kwenye kibati, saizi ya tairi, uwiano wa difu (zile gia za katikati ya ekseli: shafti inayoleta nguvu huzunguka mara ngapi gurudumu likizunguka mara moja), uzito unaokaa juu ya ekseli ya nyuma, na kitu gani hasa kilichovunjika. Kama hakuna kilichovunjika, tia pesa zako mfukoni.

SWALI: Hilux Vigo ya 2010, tairi za inchi 33, bullbar, tangi la maji na hema juu ya paa. Imevunja hafu shafti ya kushoto mara mbili. Nimeambiwa niweke ekseli ya Land Cruiser 79. Ni sawa? – Ukunda

JIBU: Hapa pana swali. Kabla ya kununua chochote, okota kile kipande cha shafti (nondo inayotoka kwenye difu hadi gurudumu) kilichovunjika ukiangalie juani. Ukiona sehemu laini iliyoiva nyeusi au kutu, yenye mistari iliyofuatana, na pembeni kijisehemu cheupe kinachokwaruza kidole, ufa ulianza zamani: shafti imechoshwa kwa kupindwa kidogo kidogo kila gurudumu lilipozunguka. Ukiona meno yamesokotwa na mpasuko umekwenda mshazari, imezidiwa nguvu kwa mpigo mmoja. Ya kwanza ni kesi ya mzigo au hauzingi (ganda la chuma la ekseli) iliyopinda. Ya pili ni kesi ya tairi na mguu wako wa kulia.

Upande mmoja mara mbili, mimi nashuku hauzingi. Pima hivi. Inua nyuma, kaza stendi chini ya viti vya springi, zungusha gurudumu huku umeshikilia msumari katikati ya kashata za tairi mpaka uchore mstari mzima. Fanya na upande wa pili. Sasa pima umbali kati ya mistari miwili kwa mbele ya tairi, halafu kwa nyuma, usawa wa kitovu cha gurudumu. Kwa kuwa mstari umechorwa gurudumu likizunguka, rimu iliyopinda haitakudanganya. Tofauti ikipita milimita 3 hivi, hauzingi imepinda, na shafti mpya utakayotia itavunjika kama zile mbili. Dalili nyingine unazo tayari ila hukuzijali: sili inayovuja kila baada ya kubadilishwa, beringi inayokufa upande ule ule, tairi linalolika kwa ndani.

Kisha peleka gari kwenye mizani. Weka magurudumu ya nyuma peke yake juu, ya mbele yabaki nje. Lita 200 za maji ni kilo 200 hata kabla ya tangi lenyewe, na likikaa nyuma ya ekseli, ekseli hubeba zaidi ya uzito wa tangi kwa sababu sehemu ya mbele huinuka. Linganisha na kiwango cha ekseli kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Nina hakika utashtuka.

Sasa ekseli ya 79. Krauni yake (gia kubwa ya duara ndani ya difu) ni ya inchi 9.5, yako ni ya inchi 8. Ni fuli-floti, yako ni semi-floti. Hilo la pili ndilo la maana kwako, maana shafti ya semi-floti inabeba uzito wa gari na inazungusha gurudumu kwa wakati mmoja. Ya fuli-floti inazungusha tu, uzito unabebwa na habu (kitovu cha gurudumu) yenye beringi mbili juu ya hauzingi. Ikivunjika, gurudumu linabaki mahali pake. Ya semi-floti ikivunjika nje ya beringi, gurudumu huondoka na ngoma ya breki pamoja.

Ila si ya kuja kufunga tu. Ni nyembamba kuliko Hilux yako. Rimu za 79 za kuanzia 1999 zina bolti 5 kwa duara la milimita 150, zako zina 6 kwa 139.7. Viti vya springi haviko sawa. Uwiano lazima ulingane na difu ya mbele. Kebo ya hendibreki, mabomba ya breki, waya za ABS, propela shafti (nondo inayoleta nguvu kutoka mbele hadi ekseli): vyote vinaguswa. Na wenye kutaka kufidia wembamba kwa spesa (mabamba ya kusukuma rimu nje) za alumini za sokoni, sitawasaidia kwa hilo. Agiza rimu zenye ofseti inayofaa.

Viti vipya vya springi vichomelewe kwa vidonda vidogo kwanza. Shusha gari likae kwa uzito wake, pima pembe ya pinioni (gia ndogo inayozungusha krauni), ndipo umalize. Kama propela shafti ina msalaba mmoja kila upande, pinioni iende sambamba na shafti inayotoka kwenye transifa (sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma). Chomelea vipande vifupi, huku na huku, upumzishe. Ukikimbia na mstari mmoja mrefu utapinda hauzingi kwa mkono wako mwenyewe. Toa shafti na sili kabla. Waya wa ardhi wa welda ufungwe kwenye ekseli, karibu na unapochomelea, ili umeme usipite kwenye beringi. Yu-bolti ziwe mpya. Zikaze tena baada ya siku ya kwanza, na tena kwenye kilomita 500.

Ushauri wangu kwako lakini: nyoosha au badilisha hauzingi, tia shafti mpya, teremsha tangi na ulisogeze mbele ya ekseli. Ikivunjika tena baada ya hapo, niandikie.

SWALI: Nitajuaje ekseli ni fuli-floti bila kuifungua? – Kisauni

JIBU: Angalia katikati ya gurudumu. Ukiona habu imetokeza nje, na usoni pake duara la nati au bolti zilizoshika uso wa shafti, ni fuli-floti. Shafti yake unaichomoa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, bila jeki.

SWALI: Nimeona video za Wamarekani, wote wanasema Dana 60. Naweza kuagiza ije Mombasa? – Nyali

JIBU: Unaweza. Krauni ya Dana 60 ni inchi 9.75. Ya Land Cruiser ni 9.5, na spea zake utazipata kutoka Changamwe hadi Lodwar. Umevuka bahari kufuata robo inchi. Kweli shafti za Dana 60 nyingi ni nene zaidi, lakini hizo rimu za bolti 8 utazipata wapi ukikwama Bachuma?

SWALI: Defender 90 ya zamani. Fundi mmoja anataka kunitilia Salisbury ya nyuma kutoka Land Rover aliyo nayo uani. – Mikindani

JIBU: Salisbury ni ekseli nzito ya Land Rover. Muulize huyo fundi: ya gari gani? Ya 110 na Defender ina uwiano wa 3.54, sawa na yako. Ya Series ndefu (Land Rover za zamani zaidi) ina 4.7, na haina mabano ya springi za koili wala ya ule mkono wa juu wenye umbo la A. Ukifungwa hiyo, mbele na nyuma zitavutana, na kwa kuwa 90 inaendesha magurudumu yote manne wakati wote, difu ya katikati itazunguka bila kupumzika hadi ife.

Salisbury inafuata muundo wa Dana 60, ni ngumu kweli. Lakini tumbo lake ni kubwa, kwa hivyo unapoteza nafasi ya chini pale pale unapoihitaji, na propela shafti lazima ibadilishwe urefu. Oili inakula lita 2.3 badala ya 1.7. La kuniudhi zaidi ni matengenezo: difu ya Rover, iliyo kwenye 90 yako, unaifungua bolti zake, unaichomoa nzima, unaipanga mezani. Salisbury inapangwa ndani ya ekseli kwenyewe, na kwa kazi safi hauzingi hutanuliwa kwa chombo maalumu. Nani anacho?

Chomoa shafti moja uhesabu meno ya upande wa difu. Yakiwa 10, shafti zako ni za aina dhaifu. Tafuta difu ya meno 24 yenye pinioni nne ndogo ndani, na shafti zake. Hauzingi yako inabaki, propela inabaki, breki zinabaki.

SWALI: Difu loki kwanza au shafti ngumu kwanza? – Bamburi

JIBU: Difu ya kawaida hugawa nguvu nusu kwa nusu. Gurudumu moja likiwa hewani, hata lililo chini halipati kitu, na shafti zote mbili zinastarehe. Ukifunga loki, magurudumu yote mawili hulazimika kuzunguka pamoja, na lile lililoshika mwamba linaweza kuchukua nguvu yote ya ekseli. Shafti iliyozoea nusu inabeba zima. Kwa hivyo kwenye tairi za kiwandani, loki peke yake inatosha na itakutoa kwenye tope kuliko ekseli yoyote kubwa. Kwenye inchi 33 kwenda juu, loki na shafti ziende pamoja. Unene hulipa haraka: ugumu wa shafti dhidi ya kusokotwa hufuata kipenyo kwa nguvu ya tatu, hivyo kutoka milimita 30 hadi 33, kwa chuma kile kile, unapata theluthi moja zaidi.

Usiibonyeze loki magurudumu yakiwa yanateleza kwa kasi. Simama, funga, ondoka polepole.

SWALI: Difu ikichomelewa si loki ya bei rahisi? – Likoni

JIBU: Hapana. Loki hufunguliwa, iliyochomelewa haifunguki. Na ukipita na gari hilo kwenye lami ya Likoni siku ya mvua, mkia utakutangulia.

SWALI: Prado 120, nimetoka 265/65R17 kwenda 285/70R17. Gari limekuwa zito. Difu yangu ni 3.909. – Tudor

JIBU: Hili limeulizwa vizuri. Tairi lako limetoka takriban milimita 776 kwenda 831, yaani asilimia 7. Zidisha 3.909 kwa 1.07, unapata 4.18. Kwa safari za barabarani tafuta 4.1, kama unabeba mizigo au unavuta trela, 4.3. Mbele na nyuma zote mbili, hakuna kujadiliana, Prado haijui kuendesha nyuma tu. Fahamu pia kwamba namba inavyopanda, pinioni huwa na meno machache na mwili mwembamba. Anayepandisha uwiano akidhani ameongeza ugumu wa difu amekosea njia.

Anayepanga awe na geji ya saa na rangi ya kukagulia meno. Mchezo wa krauni (kulegea kati ya meno yake na ya pinioni) kwa difu nyingi za Toyota za inchi 8 ni milimita 0.13 hadi 0.18. Ile bushi ya kuminywa kwenye pinioni ni mpya kila mara. Akikuambia ya zamani bado nzuri, chukua gari lako. Safari ya kwanza iwe kilomita 20 au 30 za upole, uache ipoe kabisa. Usivute kitu. Kwenye kilomita 800 mwaga oili.

SWALI: Naenda Jomvu kununua ekseli ya mtumba. Niangalie nini? – Changamwe

JIBU: Nenda na futi, spana, chokaa na kitambaa cheupe. Pima kutoka uso wa habu hadi uso wa habu, na kati ya viti vya springi. Hesabu bolti. Fungua nati ya chini ya oili: uji laini wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida, vipande vyenye ncha si kawaida. Oili ikitoka kama chai ya maziwa, maji yaliingia, na mjini kwetu huenda yalikuwa ya bahari. Kutu ikishakula njia ya beringi, kuosha hakusaidii.

Shika uso wa pinioni uusukume juu na chini: usicheze hata kidogo. Uzungushe kushoto na kulia: mchezo mdogo ni halali. Kisha hakikisha uwiano mwenyewe, usiamini maandishi ya rangi. Piga alama ya chokaa, shikilia gurudumu moja lisizunguke, zungusha la pili mara mbili kamili, na uhesabu pinioni imezunguka mara ngapi. Mara nne na nukta moja hivi ni 4.1. Kama ina difu loki, hakikisha haijafungwa wakati unahesabu.

Muuzaji akikataa usifungue nati ya oili, rudi nyumbani.

SWALI: Baada ya kubadilisha ekseli, breki za nyuma zinashika mapema na gari linayumba. – Shanzu

JIBU: Ile vali ya breki inayofuata mzigo, yenye mkono uliofungwa kwenye ekseli, umeirudisha? Wengi huifunga kwa waya juu, nayo inadhani gari limejaa mawe. Rudisha mkono wake kwenye urefu wa kitabu, na usiendeshe mpaka iwe sawa. Kampuni yako ya bima nayo iandikie kuhusu ekseli mpya, kwa karatasi, si kwa simu.

SWALI: Oili ya difu nibadilishe lini? Huwa napita ufukweni Diani na kuvuka mito ya maji chumvi. – Diani

JIBU: Kila baada ya maji kufika kwenye hauzingi, na usingoje wikendi. Difu ya moto ikizama ghafla, hewa ya ndani hujikunja na kuvuta maji kupitia sili na kipumulio. Pandisha bomba la kipumulio hadi juu ya chesisi, karibu na mdomo wa tangi la mafuta. Tia 80W-90 ya GL-5, au 85W-140 kama unabeba mizigo, na kama difu ni ya kuzuia kuteleza, iwe yenye kiongeza chake. Na kabla ya kumwaga ya zamani, fungua kwanza nati ya kujazia. Ikigoma baada ya kuwa umemwaga, utalala hapo hapo.