Makinda bora kila mwaka, na mkia bado ni wetu

SWALI: Habari za leo kocha. Naishi Tarneit, magharibi mwa Melbourne. Mwanangu wa miaka 13 kanigeuza shabiki wa North Melbourne, timu ya mpira wa Australia, ule wa yai, na sasa kila wikiendi tunaumia wawili. Nimeelezwa kwamba timu inayoshika mkia ndiyo inayochagua vijana mwanzo. Basi mbona North imechagua mwanzo miaka yote hii na haipandi? Wenye makosa ni wanaosajili au wanaofundisha? La pili, huyu wangu kalelewa na soka, akipiga huu mpira wa yai unayumba hewani kama jani. Afanyeje?

JIBU: Pole dada, na hongera kwa uvumilivu. Kuanzia 2020 hadi 2024 North haikumaliza juu ya nafasi ya 17 kati ya timu 18. Misimu mitano, ushindi 15. Nawajua watu waliobadili dini kwa shida ndogo kuliko hiyo.

Wasomaji ambao hawaufuati mchezo huu waelewe jambo moja. Ligi kuu ya mpira huu wa Australia, AFL, haina kushuka daraja, na mchezaji hanunuliwi kwa ada ya uhamisho. Jumla ya mishahara nayo ina kikomo kwa kila klabu. Kwa hiyo North haiwezi kufanya kama Simba au Yanga, kuingia dirisha la usajili na begi la fedha ikatoka na kikosi kipya. Ina milango mikuu mitatu: drafti ya kila Novemba, ambako klabu huchagua kwa zamu vijana wa kuanzia miaka 18 na wa mkiani huanza, kubadilishana wachezaji au nafasi za drafti na klabu nyingine, na kuwachukua walio huru.

Sasa swali lako. Mimi wanaosajili siwalaumu sana. Luke Davies-Uniacke alichaguliwa namba 4 mwaka 2017, na ni kiungo ambaye klabu yoyote ingemtaka. Jason Horne-Francis, namba 1 wa 2021, alicheza msimu mmoja akaomba kwenda Port Adelaide, na hilo liliuma. Lakini mabadilishano hayohayo ndiyo yaliyoipa North nafasi za kumpata Harry Sheezel na George Wardlaw, na Sheezel akatwaa tuzo ya kinda bora wa ligi 2023. Macho ya kuchagua yapo.

Shida ni waliokuwa pembeni yao. Mwaka 2016 klabu iliwaaga wakongwe wanne kwa mkupuo, akiwamo Brent Harvey mwenye mechi 432. Mwaka 2020 ikatema wachezaji 11 kwa siku moja. Ukifagia hivyo mara mbili, unabaki na nyumba ya watoto na mababu wachache. Watu wa miaka 24 hadi 28, ambao ndio mgongo wa timu yoyote, hawapo.

Ngoja nikuonyeshe kwa karibu maana yake uwanjani. Mwamuzi anarusha mpira juu, warefu wawili wanaugombea, mmoja anaugonga chini. Hapo chini wamejaa viungo. Kinda wako ana miaka 19 na kilo 78. Anayemlalia ana miaka 27, kilo 88, na misimu tisa ya gym mwilini. Kama kinda ana kaka mkubwa pale, kaka anaweka bega, anapokea kishindo, mpira unamfikia kinda akiwa na nafasi ya hatua mbili, na hatua mbili zinatosha kuinua kichwa na kuona wa kumpa. Kama kaka hayupo, kinda anauokota mwenyewe na kukabwa papo hapo. Baada ya mechi tano za namna hiyo anaanza kuutupa mpira kabla hajauangalia. Mashabiki wanasema hana akili ya mchezo. Anayo, ila amejifunza kujiokoa. Na mazoea hayo yakishakaa, kuyatoa ni kazi ya miaka.

Ugonjwa huu si mpya. Jirani zenu wa klabu ya Melbourne waliugua hivyohivyo. Walishika mkia 2008 na 2009, na kwa kanuni za wakati ule wakapewa chaguo namba 1 na namba 2 pamoja: Tom Scully na Jack Trengove. (Ligi iliwatoza faini ya dola 500,000 mwaka 2013 kwa yaliyotokea msimu ule wa 2009, ingawa haikusema walifungwa makusudi. Hiyo ni hadithi ya siku nyingine.) Scully akaondoka baada ya misimu miwili. Trengove akapewa unahodha wa pamoja akiwa na miaka 20. Ishirini, dada! Nahodha wa watu wazima, kwenye timu ambayo mwaka uliotangulia ilichapwa na Geelong kwa tofauti ya pointi 186. Kisha mguu ukamsumbua, na kile kilichotarajiwa kwake hakikufika.

Alipokuja Paul Roos kufundisha kuanzia 2014, tazama alivyoanza. Klabu ilikuwa na chaguo namba 2. Ikalitoa kwa GWS, klabu ya magharibi mwa Sydney, ikapokea chaguo namba 9, ambalo lilimleta Christian Salem, pamoja na Dom Tyson, kiungo ambaye tayari alikuwa ameonja ligi. Ikamleta Bernie Vince kutoka Adelaide, na Daniel Cross wa miaka 30 ambaye Western Bulldogs walikuwa wamemwacha. Cross hakuja kuchukua kombe. Alikuja ili vijana waone mtu anakulaje, analalaje, anafika mazoezini saa ngapi. Baada ya hapo ndipo wakaingia Christian Petracca na Clayton Oliver, wakakuta wakubwa. Petracca aliumia goti, akakosa 2015 nzima, na hakuna aliyemsukuma. Septemba 2021, fainali ikichezwa Perth, ndiye alikuwa mchezaji bora wa uwanja, na Melbourne ikatwaa ubingwa wake wa kwanza tangu 1964.

Warefu ni habari ya pekee. Max Gawn, nahodha wa Melbourne siku ile, alichaguliwa namba 34 mwaka 2009 na akaingia kikosi bora cha ligi 2016. Aliir Aliir, mzaliwa wa kambi ya Kakuma kule Kenya, alichaguliwa na Sydney namba 44 mwaka 2013, mechi ya kwanza akacheza 2016, kikosi bora cha ligi 2021 akiwa Port Adelaide. Klabu inayozama hukosa subira na watu hawa kwa sababu kocha anataka kushinda Jumamosi, asije akafukuzwa Jumatatu.

Unauliza kuhusu wanaofundisha. Kocha wa maendeleo kama mimi hashiki timu, anashika watu sita au saba. Mimi kila Jumanne nakaa na kijana mmoja mmoja kwa dakika 20 na vipande vinne vya video, si zaidi: viwili alivyofanya vizuri, viwili vya kurekebisha. Zamani nilikuwa nawaonyesha kumi na tano. Kijana mmoja aliniambia, kwa adabu zote, kwamba akitoka kwangu anaogopa hata kuukimbilia mpira. Nikapunguza.

Mwisho wa 2024 North iliwaleta Luke Parker na Jack Darling, wote wa miaka 32, pamoja na Caleb Daniel. Mashabiki walinung'unika kwamba klabu inaokota wazee. Kwangu huo ndio usajili wa maana zaidi walioufanya kwa miaka kadhaa, ila umechelewa. Ukitazama mechi na mwanao, acha ubao wa matokeo kidogo, mtazame mkongwe kama Parker pale chini, halafu hesabu kinda anapata hatua ngapi.

Tukija kwa kijana wako: naamini anauachia mpira kwa mikono miwili kutoka kifuani, kama golikipa anavyofanya. Wote waliotoka kwenye soka huanza hivyo. Ukiangukia mbali unainama, na upepo wa Tarneit unamalizia. Ashike mpira ncha ikitazama chini, mkono wa upande wa mguu anaopigia uushushe hadi usawa wa nyonga ndipo auachie. Na mwili uende mbele kwa mstari, usizunguke kama anachonga krosi.

Wiki ya kwanza asipige kabisa. Asimame kwenye zege, auachie tu. Ukitua wima utaruka juu karibu naye. Ukitua umeinama utakimbilia pembeni, naye aufuate. Akifikisha mara kumi mfululizo bila kuufuata, ndipo mguu uingie, kwa mwendo wa kutembea, mita 15, kumlenga mtu. Huyo mtu unaweza kuwa wewe.