Je, haipnosisi inafaa kwa tumbo la IBS?

Ndugu uliyeuliza, nimekuelewa: vipimo havionyeshi kidonda wala uvimbe, daktari amesema ni IBS (utumbo unaosokota na kuvurugika choo bila kidonda), dawa za mwaka mzima hazijatuliza msokoto, nawe unasita kulipia haipnosisi, yaani tiba ya kuongozwa kwa maneno hadi utulie kabisa, ukihofia ni mazingaombwe.

Si mazingaombwe. Mwaka 1984 daktari wa tumbo Peter Whorwell na wenzake wa Manchester, Uingereza, waliwajaribia wagonjwa 30 walioshindikana kwa tiba nyingine, na waliopata haipnosisi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa mazungumzo na vidonge bandia. Hulali fofofo wala hupotezi fahamu: unakaa umetulia, kiganja kikiwa tumboni, ukiongozwa kuhisi joto likienea na utumbo ukilegea, kisha unarudia nyumbani kwa sauti iliyorekodiwa (hapo ndipo wengi huzembea). Kwa kawaida vikao huwa kati ya 7 na 12.

Mtafute mtaalamu aliyesajiliwa, anayejua maradhi ya tumbo; anayeahidi kukuponya kwa kikao kimoja mwepuke. Ikiwa umewahi kusikia sauti zisizokuwepo, mweleze kabla hamjaanza. Ukiona damu chooni, ukikonda bila sababu au ukiamshwa usiku na kuharisha, acha haipnosisi kwanza, urudi kwa daktari.